Ifuteni Yuniti ya Kufikiri

Muhula uliopita nilisahihisha karatasi 412 za mtihani wa Fikra Tunduizi. Ni yuniti ya lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo ninachofundisha, awe anasomea uhandisi, uuguzi, kilimo, sheria au biashara. Mimi ni mwalimu wa kibarua. Nalipwa kwa saa, siku nikilipwa. Makomredi huniita Dokta. Sina udaktari wowote, nina shahada ya uzamili na deni la HELB, lakini kufikia muhula wa pili nilikuwa nimechoka kuwarekebisha. Hilo nalo liandikwe.

Swali la kwanza lilikuwa hili: eleza maana ya fikra tunduizi, kisha ufafanue sifa saba za mtu mwenye fikra hizo. Alama kumi. Tatu za maana, saba za sifa, moja kwa kila sifa. Nililitunga mimi mwenyewe.

Kwenye karatasi ya arobaini hivi nikaanza kuhisi vibaya. Sifa zilikuwa zinakuja kwa mpangilio wa slaidi yangu ya nne, neno kwa neno, na hiyo slaidi ina kosa. Sifa ya tatu inasema mtu huyu husikiliza maoni yanayotofautiana na yake. Ya sita inasema yuko wazi kwa mitazamo ya wengine. Ni kitu kimoja! Niliiandaa saa sita usiku, nikiokota huku na kule, na sikuona kwamba nimeokota jambo moja mara mbili. Niliifundisha hivyo hivyo mihula mitatu. Sasa zaidi ya karatasi 300 zilikuwa zinanirudishia sifa saba ambazo ni sita, na mimi natia tiki. Tiki, tiki, tiki.

Mmoja tu ndiye aliyeona. Msichana wa uuguzi. Aliandika sifa sita, halafu chini yake sentensi moja kwa Kiingereza safi kwamba ya tatu na ya sita kwenye handauti ni moja, kwa hivyo ameziunganisha.

Nikampa sita kwa saba.

Ngoja nieleze, maana najua mnavyonitazama. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa umeshapitishwa na idara. Ulisema sifa saba, alama saba. Ilikuwa karatasi ya 260 na kitu, usiku, stima imepotea mara mbili, na nilikuwa na siku nne za kupeleka alama. Nilisoma ile sentensi, nikacheka peke yangu, nikaandika 6, nikafungua karatasi inayofuata. Katika karatasi 412, aliyefanya kile yuniti inachodai kufundisha ni mmoja, na ndiye niliyemkata alama.

Kwa hivyo ninaposema hii yuniti ifutwe, sisemi kama mtu aliyesimama kando akitupa mawe. Mimi ndiye yuniti.

Kuna hadithi moja ambayo vyuo vyetu vinapenda kujisimulia. Kwamba wanafunzi wa siku hizi hawafikiri. Wamekremu tangu darasa la kwanza hadi KCSE, simu zimewaharibu, na sasa ChatGPT imemaliza kile kidogo kilichokuwa kimebaki. Basi chuo, kwa huruma yake, kinawapa masaa matatu kwa wiki ya kufundishwa kufikiri, katika ukumbi mkubwa, na mtu kama mimi mwenye maikrofoni inayokwaruza. Halafu kinaandika kwenye tovuti kwamba wahitimu wake ni watu wa kufikiri kwa kina.

Hadithi hiyo ni uongo, na ushahidi uko Kahawa Wendani, Juja, Roysambu na Rongai. Panda ngazi za jengo lolote la bedsita saa nane za usiku utaona taa. Kwa miaka mingi vijana wetu wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, kwa malipo ya dola chache kwa ukurasa. Imekuwa ajira kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 ilitengenezewa filamu nzima, The Shadow Scholars. Na hawaandiki insha za somo moja. Leo ni maadili ya uuguzi, kesho sheria ya mikataba, kesho kutwa historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Unapewa swali ambalo hujawahi kulisomea, saa kumi na mbili za kulijibu, na mteja anayetaka hoja, pingamizi, jibu la pingamizi, na isionekane kwamba umenakili. Nina wanafunzi waliolipa karo kwa kazi hiyo kabla ya hizi programu za AI kuwanyang'anya wateja. Nina mmoja aliyeniambia kwamba amewahi kuandika, kwa pesa, insha ya kozi ya fikra tunduizi ya chuo fulani cha ng'ambo. Alipata A. Yaani yule Mmarekani alipata A. Kwangu yeye alipata C.

Sisemi ni kazi safi. Ni udanganyifu, na anayesema sivyo anajidanganya pia. Ninachosema ni kwamba kijana anayeweza kujenga hoja usiku kwa ajili ya mgeni, halafu asubuhi anaketi darasani kwangu akinakili slaidi yenye kosa bila kuinua mkono, hana upungufu wa akili. Amesoma mazingira. Ameona ni wapi kufikiri kunalipa na ni wapi kunakatwa alama.

Na mazingira hayo yana historia. Kuna neno ambalo kila aliyefanya mtihani Kenya analijua: mwakenya. Kile kikaratasi kilichokunjwa kikaingia kwa soksi. Yale maandishi ya biro kwenye paja. Waulize makomredi neno lilitoka wapi, wengi watakwambia ni Sheng tu, bana.

Mwakenya ilikuwa harakati. Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, kundi la siri la miaka ya 1980 lililokuwa likisambaza maandishi ya kuipinga serikali ya Moi. Watu walikamatwa kwa kushukiwa tu kuwa nalo, wakapelekwa kwenye seli za chini ya Nyayo House, wakateswa humo katikati ya jiji huku sisi wengine tukipanga foleni ya pasipoti kwenye orofa za juu. Wahadhiri na wanafunzi walikuwa miongoni mwao. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyekuja kuandika Walenisi, aliwekwa kizuizini 1986. Na kabla ya hapo, 1982, walikuwa wamemchukua Alamin Mazrui, mhadhiri, mwaka mmoja baada ya tamthilia yake Kilio cha Haki kuchapishwa. Wakamfunga na mwanahistoria Maina wa Kinyatti. Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa wa miaka ishirini na kitu, aliyefungwa miaka mitatu kwa kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kichwa chenyewe ni swali.

Si vigumu kuona jinsi jina lilivyohama. Kikaratasi kidogo, cha kufichwa, ukishikwa nacho umekwisha. Wanafunzi waliona mfanano wakacheka, na kicheko kikaganda kikawa msamiati. Lakini hebu tazama kilichotokea hapo katikati. Kikaratasi kilichomfunga mtu kwa sababu kilibeba wazo, leo kinamfukuzisha mtu chuo kwa kuwa hakibebi wazo lake hata moja. Chuo kilichokaa muongo mzima kikifundishwa kuogopa watu wanaouliza hakikupona kwa sababu tu wakubwa walibadilika. Woga ulihamia kwenye ratiba, kwenye mwongozo wa kusahihisha, kwenye ile sauti ya mhadhiri anaposema, "Tuendelee, hilo haliko kwenye silabasi."

Nina slaidi nyingine, ya tisa. Inamhusu Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki 1995. Oruka alifanya jambo ambalo lilionekana la ajabu wakati huo: alitoka ofisini akaenda vijijini kuketi na wazee wenye sifa ya hekima, wengine wao hawakuwa na elimu ya shule ya maana, akawauliza maswali na kuwabana. Alikuwa anatafuta tofauti kati ya wahenga wa aina mbili. Kuna anayejua yote ambayo jamii yake inaamini na anaweza kukusimulia vizuri sana. Na kuna anayeyajua hayo yote, kisha akakwambia ni wapi watu wake wanakosea na kwa nini. Huyu wa pili ndiye Oruka alimwita mwanafalsafa.

Unajua mimi nauliza nini kwenye mtihani kuhusu Oruka? "Taja aina mbili za wahenga. Alama 2."

Kwa hiyo ifuteni. Haya ndiyo madai yangu. Mwaka 1968, pale pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe, maana ilikuwa imeweka katikati kitu ambacho hakikustahili kuwa katikati. Mimi naomba kitu kidogo zaidi. Yuniti ya Fikra Tunduizi iondolewe kama yuniti, na kazi yake irudishwe kwa wenyewe: idara zote, kozi zote, mitihani yote. Kwa sababu hakuna kufikiri kwa jumla jumla. Mtu hufikiri juu ya kitu. Ukimpa mwanafunzi wa uhandisi orodha ya makosa ya kimantiki yenye majina ya Kilatini, atakukariria. Mpeleke Huruma. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa sita liliporomoka pale usiku wa mvua na kuua watu karibu hamsini. Muulize: mchoro ulikuwa wapi, nani alitia sahihi, udongo ulipimwa na nani, na wewe ukiwa ndiye injinia mdogo kwenye saiti na bosi anakwambia tupande orofa moja zaidi, utamwambia nini kwa hesabu? Hapo atatoa jasho.

Wa sheria wapewe Sheria ya Fedha ya 2023. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza kuwa batili. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi. Majaji wasomi pande zote mbili, sheria moja, majibu mawili. Nani alijenga hoja vizuri zaidi? Usiniambie nani alishinda, hilo lilikuwa kwenye habari.

Wa uhasibu ndio wananiuma zaidi, kwa sababu mali yao imelala bure. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti, ziko wazi kwenye tovuti, za kaunti, wizara, hospitali, hata vyuo vyenyewe. Zimejaa pesa zisizo na stakabadhi na miradi iliyolipiwa ikakwama. Halafu mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapewa zoezi la kampuni ya kubuni iitwayo ABC Limited, ambayo hesabu zake lazima zilingane mwishoni, la sivyo umekosea. Miaka minne anafundishwa kwamba hesabu zisipolingana, kosa ni lake. Kisha tunamwajiri kaunti na kushangaa kwamba haoni wizi! Mpe ripoti ya kaunti yao. Mwambie zisipolingana asijilaumu kwanza.

Na wa kilimo? 2024 wakulima walinunua mbolea ya ruzuku, wakatia shambani, na baadaye ikajulikana kuwa baadhi ya magunia hayakuwa na mbolea ya maana. Je, kuna maabara ya kozi yoyote iliyoleta gunia moja darasani likapimwa? Labda ipo. Ningependa kuisikia.

Najua pingamizi, nimezisikia kwenye chai ya wahadhiri. Ya kwanza: darasa la watu 400 haliwezi kujadili. Kweli. Lakini mtihani hautungwi na ukumbi, unatungwa na mtu mmoja kwenye meza, na ndio wenye asilimia 70 ya alama. Ukiuliza "taja" utapata orodha. Ukiuliza "hesabu hii ina kasoro, iko wapi?" utapata kitu kingine, hata kama darasa ni la watu elfu moja.

Ya pili ni nzito zaidi na siwezi kuirukia. Majibu ya aina hiyo hayasahihishwi kwa tiki. Unayasoma. Karatasi 412 za kusoma kwa kweli ni wiki kadhaa, na mkataba wangu unanilipa saa za kusimama mbele, haunilipi kusoma. Wenzangu wa kudumu nao waligoma kwa wiki kadhaa 2025 wakidai pesa walizoahidiwa kwenye mkataba wa miaka iliyopita. Kwa hivyo anayetaka wanafunzi wafikiri na hataki kulipia kusomwa kwa mawazo yao, anataka tangazo la tovuti tu. Tuseme hivyo wazi. Kukariri ni rahisi kusahihisha, na ndiyo sababu kubwa kumedumu. Sio utamaduni wetu, sio ukoloni peke yake, sio TikTok. Ni bei.

Na kuhusu hiyo TikTok. Mei 2024 Mswada wa Fedha ulipotoka, mrefu, umeandikwa kwa lugha inayomfukuza msomaji, ni nani waliousoma? Watoto hawa hawa. Wa sheria walieleza vifungu. Wa hesabu walipiga VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa thamani ya gari, wakaonyesha mfuko wa mama mboga utabaki na nini. Wa kompyuta walitengeneza programu unayoiuliza swali inakujibu kutoka kwenye mswada. Wengine waliutafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za mama zao. Wabunge walipokuja na majibu ya kukariri, walijibiwa kwa nambari za vifungu. Tarehe 25 Juni walikuwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Rais akasema hatautia sahihi.

Hakuna idara iliyowapangia. Hakuna aliyewapa alama kumi. Na Septemba walirudi darasani kwangu, wakaketi, wakafungua daftari, wakasubiri slaidi ya nne.

Wanasema watoto wa CBC watatuokoa, kwa kuwa kufikiri kwa kina kumeandikwa kama mojawapo ya umilisi saba wa mtaala wao. Wa kwanza watafika chuo 2029. Watakuta nini? Wakinikuta mimi na huu mwongozo, itawachukua muhula mmoja kusahau.

Yule msichana wa uuguzi alikuja baada ya matokeo. Sina ofisi, kwa hiyo tulizungumza kwenye ngazi za nje ya ukumbi.

"Samahani mwalimu. Nilitaka tu kujua nilikosa nini swali la kwanza."

"Ulitoa sifa sita. Zilitakiwa saba."

"Lakini ziko sita, mwalimu."

Nikamwambia mwongozo unasema saba. Niliyasema hayo maneno kwa mdomo wangu. Hakukasirika. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu mzima aliyevaa shati kinyume, hujui kama umwambie. Kisha akaniambia kwamba mama yake ni nesi, na kitu cha kwanza alichomfundisha kuhusu wodi ni kuangalia chati ya usiku. Ukikuta joto la mgonjwa ni 36.5 saa mbili, 36.5 saa sita, 36.5 saa kumi, na wa kitanda cha pili vile vile, na wa tatu vile vile, usifurahi kwamba wodi nzima iko salama. Hakuna aliyepima.

"Ndio maana nilishtuka nikiona zimejirudia," akasema. "Ni hivyo tu."

Akaomba karatasi ikaguliwe upya. Ada ya ukaguzi alilipa yeye. Jibu lilirudi baada ya wiki tano: hakuna mabadiliko, mwalimu alifuata mwongozo. Nilikuwa nimeandika barua ya kusema kosa lilikuwa langu, nikaambiwa barua ya mwalimu wa kibarua haina fomu yake.

Mtihani wa muhula huu niliupeleka idarani mwezi uliopita. Swali la kwanza linasema: slaidi ya nne ina kosa, litafute, ueleze lingeweza kumdhuru nani katika fani unayosomea. Umerudishwa na maandishi mekundu pembeni: "Majibu yanayotarajiwa yako wapi?" Nimeurudisha kama ulivyokuwa. Bado sijaambiwa kama nitakuwa na darasa Januari.